Mfuaji wa Lanvezin

Jioni hiyo ya Novemba, Armelle Gicquel alivaa mabuti ya mpira akateremka kwenda kumbembeleza diwani mzee, Bi Perrine.

Armelle alikuwa meya wa Lanvezin, kijiji kidogo cha Bretani, Ufaransa, chenye halmashauri yake, mashamba ya kabichi na kanisa moja. Kila mwaka taa za mji wa Vannes zilizidi kukisogelea. Armelle alitaka mji ukimeze kabisa, maana huko alishaahidiwa cheo kinono. Lakini madiwani walipopiga kura ya siri kuhusu kuungana na mji, kura moja tu ilikwamisha mpango. Kesho yake wangerudia.

"Ni yule bibi kizee," alikuwa amemwambia mumewe Gweltaz, naye diwani, kabla ya kutoka. "Kama si yeye, nani?"

Gweltaz hakuinua macho kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Mwache mama wa watu. Kaa tule."

"Kula wewe. Nikirudi atakuwa amelainika."

Njia ilipita kando ya bwawa la kufulia. Ukungu ulikuwa umetanda. Ghafla akasikia…

Pwa! Pwa! Pwa!

Mtu anafua. Tangu mashine za kufulia ziingie majumbani, hakuna aliyefua pale.

Harufu ya majivu mabichi ikamjaa puani. Mwanamke mwenye kilemba cheupe alikuwa amepiga magoti ukingoni, amempa mgongo.

"Umefika, mama meya," akanong'ona. "Nishikie upande huo. Shuka ni zito, peke yangu siliwezi."

Watoto wote wa Lanvezin hukua wakionywa juu ya wafuaji wa machweo, mizimu inayoomba wapitaji wasaidie kukamua mashuka. Armelle naye alionywa. Miguu ilimwambia kimbia.

"Shuka la nani?" akauliza.

"La anayekuzuia."

Armelle akatazama kule ilikokuwa nyumba ya Bi Perrine. Akatazama shuka.

Akalishika.

Lilikuwa baridi kama samaki. Wakaanza kulikamua, huyu akisokota huku, yule kule. Ndani ya ukungu mtu akaguna.

"Anaumia," Armelle akanong'ona.

"Naam."

"Nikiachia?"

"Atapona."

Hakuachia. Mguno ukawa kilio. Kitu ndani ya shuka kikavunjika kama kuni kavu.

Kah!

"Kaza," akasema Armelle mwenyewe.

Kah! Kah!

Mlango wa nyumba ya karibu ukafunguliwa. Mwanga wa tochi ukapasua ukungu.

"Nani huko? Armelle? Unafanya nini majini, mwanangu?"

Alikuwa Bi Perrine. Mzima, kashika fimbo yake.

Armelle akageuka. Mwanamke hakuwapo, wala shuka. Viganja vyake vilichuruzika maji.

"Bi Perrine… kura yako…"

"Kumbe ndilo lililokuleta? Mimi nilikupigia ndiyo! Magoti haya yanataka basi la mjini linifikishe hospitali." Bibi akacheka. "Kamuulize mumeo. Aliapa kwenye kaburi la babake kuwa hatauza kijiji hiki. Anakuogopa tu, maskini, ndiyo maana hasemi."

Armelle alikimbia hadi kwake.

Gweltaz alikuwa sakafuni jikoni. Mikono yake ilikuwa imesokotwa mgongoni kama kamba. Alikuwa hai.

Madaktari walisema ni kifafa kikali. Mmoja alizitazama picha za mifupa mara mbili, akaomba zipigwe upya. Kura ilipigwa, kiti kimoja kikiwa kitupu, nalo jambo likapita. Kibao cha Lanvezin kiling'olewa barabarani. Armelle akapata cheo chake, na watu wakamsifu: mke gani huyu, ofisi anayo, na bado mgonjwa anamlisha kwa mkono wake!

Gweltaz hakutamka neno majira yote ya baridi. Kabla ya Pasaka, Armelle akimlisha supu ya vitunguu, midomo ya mumewe ikacheza.

"Sema, mpenzi wangu," akasema Armelle akimwinamia, machozi yakimlengalenga.

"Armelle…" Sauti ilikwaruza. "Ulidhani… ni nani?"

Kijiko kikasimama hewani. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za shuka lile.

"Kunywa supu," akasema. "Itapoa."

Gweltaz hakufungua kinywa. Alimtazama, akingoja jibu.