Mluzi wa Gari la Redempta

Kelele ilitangulia, Redempta akafuata. Sokoni Singida Mjini, pale kwa wauza kuku, gari lake dogo jeupe liliingia likipiga mluzi mkali chini ya boneti mpaka watu wakageuka. Akashuka amevaa kitenge cha njano kilichomkaa sawasawa, kilemba juu, uso umejaa aibu. Gasto, fundi magari, alikuwa amekuja kununua mihogo. Akaisahau.

Alimwomba afungue boneti. Akamwagia mkanda maji kidogo. Mluzi haukubadilika, kumbe kosa si la mkanda. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye puli, vile vigurudumu vinavyozungusha mkanda, moja baada ya nyingine, mpini sikioni. Ile ya kukazia mkanda ilikuwa inakwaruza ndani. Beringi yake imekufa. Aliijua palepale, na badala ya kusema, mwanaume huyu akamwambia kelele hiyo inataka uchunguzi, awe anamletea.

Redempta akawa anapeleka. Gasto anapaka grisi, mluzi unanyamaza kidogo, unarudi. Mapenzi nayo yakakolea, wakaanza kuitana mpenzi, wazee wa Gasto wakajiandaa kwenda kwa kina Redempta kuposa.

Lakini Gasto alikuwa na wivu wa kukera. Redempta alinunua alizeti vijijini, na gereji ya Gasto ilikuwa kando ya barabara ya kwenda kwao Unyambwa. Kila akipita, mluzi ulimfikia Gasto. Akichelewa kuusikia, simu inaita: uko wapi, uko na nani, huyo anayecheka ni nani. Redempta alidhani ndiyo kupendwa.

Siku moja, karibu na Misigiri, beringi ikasambaratika. Mkanda ukachomoka, injini ikachemka, Redempta akabaki peke yake barabarani na magunia yake, jua linazama. Aliogopa sana. Aliyemwokoa ni Emilian, fundi wa pale, akafunga puli nyingine huku akishangaa.

"Fundi wako hakukwambia? Hii imekufa zamani."

Kesho yake Gasto hakusikia kitu. Jioni akaenda Unyambwa roho juu, akakuta gari limeegeshwa kimya. Hata salamu hakutoa.

"Nani ameshika gari letu?"

"Gari langu. Ameshika Emilian wa Misigiri."

"Kijana?"

"Kijana, na ana sura nzuri." Redempta akamwekea puli mbovu mkononi. "Ulijua?"

Gasto akaitazama. Angeweza kudanganya tena, ila macho ya yule binti yalikuwa mekundu.

"Nilijua. Nikikusikia unapita, moyo unatulia."

"Wako umetulia. Mimi nimeachwa porini."

Hapo Gasto akaomba msamaha mpaka sauti ikakauka. Redempta alimpa sharti moja: wazee wasije kwanza. Alhamisi angekwenda tena Misigiri, kulekule. Gasto akipiga simu hata mara moja kumchunguza, posa yake apeleke kwingine.

Alhamisi hiyo Gasto aliteseka. Alifungua injini isiyo mbovu, akaifunga. Simu aliitia kwenye boksi la spana, akaitoa, akairudisha. Kila alipofumba macho aliona Emilian anacheka. Lakini hakupiga.

Alasiri simu ikaita yenyewe. Redempta.

"Mbona kimya tangu asubuhi?"

"Si umenikataza, mpenzi?"

"Nimekukataza kunichunguza, sijakukataza kunisalimia. Uko na nani hapo?"

"Niko kazini. Kuna dada ameleta gari, linapiga kelele."

"Dada gani?"

"Mteja tu."

"Mteja gani, Gasto? Amekuja na nani? Amevaaje?"

 Huko Misigiri, kati ya magunia ya alizeti, Redempta akayasikia maswali yake mwenyewe, yaleyale ya Gasto. Akacheka taratibu, na Gasto akacheka.

"Waambie wazee waje Jumamosi," akasema Redempta.

"Kweli, mama?"

"Kweli. Na hilo gari la huyo dada, lipone leo."