Mfereji Uliopita Jikoni

Kiatu cha kushoto kilimchomoka Mahfuza pale langoni mwa soko la New Market, kikaenda zake kikielea barabarani. Mvua ilikuwa imeipiga Dhaka tangu adhuhuri. Maji yalifika magotini, watu wamepandisha nguo na kubeba vikapu vichwani. Alisimama kwa mguu mmoja, kanzu ya buluu imemganda mwilini, mtandio wake wa njano umelowa kama dekio.

"Dada, hiki ni chako, au nimevua samaki?"

Kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri alikuwa amekiinua kiatu juu.

"Nipe kiatu changu, kaka."

"Polepole basi! Tangu mvua ianze naopoa chupa na mifuko tu. Hiki ndicho cha kwanza chenye thamani."

"Thamani gani, na kimechanika?"

"Sijakiangalia kiatu. Nimemwangalia mwenyewe."

Mahfuza alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka.

Aliitwa Rezwan. Yeye na mama yake mjane walikuwa na hoteli ya biriani katika uchochoro nyuma ya soko. Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe. Sauti yako ina njaa."

Mahfuza hakumficha kazi yake: alikuwa mhandisi wa jiji, katika kikosi cha kufukua mifereji ya zamani iliyofukiwa na kujengewa juu. "Mvua hizi si zile za bibi zetu," alimwambia. "Joto limepanda, Rezwan. Wingu linamwaga kwa saa moja kile lilichokuwa likimwaga kwa juma zima. Jiji lisipoyapa maji njia, yatajitafutia yenyewe."

"Fukueni hata kesho, mpenzi wangu. Tumechoka kupikia juu ya viti."

Siku chache kabla ya Idi, ramani ya mwisho ilifika mezani kwa Mahfuza. Mstari wa mfereji ulipita katikati ya jiko la Rezwan. Wakubwa wake walikataza mtu yeyote kuambiwa mapema. Siku ya Idi akavaa sari ya kijani, akaenda kula kwa kina Rezwan na moyo umemlemea kama jiwe. Mama Rezwan alimchagulia nyama laini kwa mkono wake mwenyewe, akamwita binti yangu. Mahfuza alimeza bila kuonja.

Asubuhi moja vijana wa jiji waliingia uchochoroni na kopo la rangi nyekundu, Mahfuza akiwa mbele yao. Walipochora alama ya kwanza ukutani, Rezwan alitoka na upawa mkononi.

"Mahfuza? Mnafanya nini?"

"Mfereji unapita hapa. Mtalipwa fidia, na chumba cha mbele kitabaki."

"Ulijua tangu lini?"

Angeweza kudanganya. "Tangu kabla ya Idi."

"Kwa hiyo ulikula kwa mama yangu ukijua." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Nenda, mhandisi. Rangi yako itakauka koponi."

Siku tatu simu ilikuwa kimya. Kisha ikalia.

"Sogeza mstari kidogo tu," Rezwan alisema. "Upande wa pili wa jiko hakuna kitu, ni mabati matupu. Kama unanipenda."

"Chini ya hayo mabati wanaishi watu. Hawana chumba cha mbele cha kubakia."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kutolewa kafara?"

"Nakupenda, Rezwan. Lakini sisogezi."

Akakata. Mahfuza alilia bafuni, bomba limefunguliwa ili baba yake asisikie.

Hasira za Rezwan zilimpeleka upande wa pili, ahakikishe kwamba amedanganywa. Ulikuwa karibu na jiko lake, lakini hakuwahi kuingia. Alikuta vyumba vya bati vimebanana, joto ndani kama la tanuri, na alama ya maji ya mwaka jana ukutani ikimfika kifuani. Mwanamke mmoja alimkaribisha maji ya kunywa. Alimjua: ndiye anayewaoshea sufuria kila siku. Hakuwahi kumuuliza analala wapi.

Wiki iliyofuata Mahfuza alipokwenda kukagua, alimkuta Rezwan juu ya paa la jiko, kifua wazi, akichomoa mabati kwa nyundo.

"Tingatinga letu linakuja Jumapili," alisema kutoka chini. "Hukulazimika."

"Mama hataki jiko lake livunjwe na mgeni." Akafuta jasho. "Nimeenda kule. Ulisema kweli."

"Lakini nilikukosea. Kazi ilinikataza kusema, haikunikataza kukataa mwaliko. Nilikwenda kwa sababu niliogopa kukupoteza."

"Na mimi nilitaka unipende kwa kuwahamisha wenzangu." Akashuka ngazi taratibu. "Tuko sawa?"

"Hatujawa sawa. Mama yako je?"

"Mama anakungoja. Kwanza atakufokea. Vumilia."

Alifokewa kweli, hadi chai ikapoa. Kisha akapakuliwa chakula.

Mfereji ulifunguliwa kabla ya masika mapya, miche ya miti ikapandwa kingo zote mbili. Mvua kubwa ya kwanza iliposhuka, simu ya Mahfuza ililia ofisini.

"Njoo uone."

"Nione nini?"

"Hakuna kitu. Njoo uone hakuna kitu!"

Alifika mbio. Hoteli ilikuwa imebaki nusu, meza zikitazama maji ya kahawia yaliyopita kwa kishindo. Uchochoroni maji yalifika kwenye vifundo tu. Upande wa pili wa mfereji yule mwosha sufuria alikuwa amesimama mlangoni kwake, sakafu yake kavu.

"Bado kuna kazi," Mahfuza alisema, akitazama miguu yao iliyolowa. "Kuna mifereji mingine chungu nzima."

"Ndiyo maana nataka unioe... nikuoe... Yaani—" Rezwan alijikwaa, masikio yamemwiva. "Mahfuza, utakubali?"

Mvua iliwapiga wote wawili, hakuna aliyekimbilia ndani.

"Kamuulize baba," alisema, akimshika mkono mbele ya wateja wote. "Ijumaa. Mimi jibu langu unalo."