Wapita Njia wa Asubuhi

Kila asubuhi seremala alipiga randa kibarazani huku macho yake yako barabarani. Watu walipita mbele yake kama siafu: vibarua, makarani, wanafunzi na wachuuzi. Ikifika saa sita mgongo unamzidi, anaingia ndani kulala.

Mgongo huo ndio ulioipunguza kazi yake. Sasa yeye na mkewe waliishi kwa kodi ya vyumba vitatu vya mbele. Katika kimoja alikaa kijana fundi wa kupaka rangi. Katika viwili alikaa muuguzi na binti yake mdogo. Walikuwa wapangaji wa miaka mingi. Mgongo ukimkaba seremala, muuguzi ndiye aliyekuja kumkanda, na binti alimwita Babu.

Siku moja seremala akamwambia mkewe kwamba atabomoa ukuta wa mbele, vyumba viwe maduka. Duka hulipa kodi kubwa kuliko chumba cha kulala, na watu wanaopita hawana idadi. Mkewe akamuuliza kama amezungumza na mfanyabiashara yeyote. Akajibu kwamba yeye macho anayo.

"Na muuguzi je?" mkewe akauliza.

"Atapata kwingine. Mji huu si mdogo."

Akaja kumwambia muuguzi wakati matofali yameshashushwa uani. Muuguzi hakubisha. Alikunja mapazia yake, akapiga deki vyumba vyote viwili, akarudisha ufunguo. Binti akauliza kama Babu naye anahama. Seremala akajifanya anatafuta misumari. Kijana fundi wa rangi naye akahama.

Ujenzi wa maduka ukakamilika. Milango ya mbao aliitengeneza mwenyewe, mipana, ya kukunjwa. Kisha akangoja. Muuza sabuni mmoja alipanga, akakaa kidogo, akaondoka bila kuaga. Miezi ikapita vumbi likiwa ndilo mpangaji pekee. Majirani wakambandika jina, Tajiri wa Milango. Yeye alicheka nao, lakini jikoni mkewe alikuwa anainjika sufuria mara moja tu kwa siku.

Alasiri moja akaja msusi anayetafuta mahali pa kusukia. Seremala aliamshwa usingizini, akamfungulia milango kwa madaha. Msusi hakuitazama. Alisimama nje akiangalia barabara. Alipita mbuzi.

"Mzee wangu, watu wako wapi?"

"Njoo asubuhi uone. Hapapitiki."

"Asubuhi wanakimbilia basi, baba. Nani atakaa chini nimsuke naye anachelewa kazini? Jioni wanarudi kupita wapi?"

Seremala akamgeukia mkewe aliyekuwa mlangoni. Yeye jioni hakuwahi kukaa kibarazani. Mkewe ndiye aliyejibu kwamba jioni basi huwashusha upande wa sokoni, nao hurudi kwa njia ya nyuma.

"Ulijua?" seremala akamuuliza.

"Uliniambia macho unayo."

Msusi akaketi kwenye kizingiti, akawaeleza taratibu. Duka si jambo baya. Kodi yake ni kubwa, na mwenye biashara akishazoeleka na wateja hahami ovyo. Lakini biashara ikidorora anaondoka, na duka linaweza kukaa tupu miezi mingi. Mtu wa kulala yeye anahitaji paa kila siku, hivyo chumba hakikosi mtu muda mrefu. Kabla ya kujenga, mtu atazame njia asubuhi, mchana na jioni, aone nani anasimama na nani anapita tu. Awaulize wanaouza hapo. Na asiweke tegemeo lake lote kwenye jambo ambalo hajalijaribu.

Kisha akanyoosha kidole pembeni, kwenye bomba la maji la mtaa. Wanawake walikuwa wameketi juu ya ndoo, wakingoja zamu.

"Wale wana muda. Nifungulie mlango upande ule, nitapanga hicho kimoja."

Wakafanya hivyo. Vyumba viwili vingine vikajengwa ukuta upya, vikawa vya kulala. Haukupita muda, fundi bomba na mkewe wakavihamia vyote viwili. Msusi akapata wateja mpaka akatafuta msaidizi. Kodi ikaanza kuingia, na sufuria ikarudi jikoni asubuhi na jioni.

Ndipo seremala akamtafuta muuguzi. Alimkuta mtaa wa mbali, katika chumba kimoja, kitanda na jiko vikitazamana. Muuguzi alimkaribisha vizuri, akamuuliza hali ya mgongo. Binti alikuwa amerefuka. Alimwamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa mzee yeyote, akarudi kwenye daftari lake.

Aliporudi nyumbani, mkewe alimuuliza kama amemwomba arudi.

"Vyumba vina watu," akasema. "Nimemwomba radhi tu."

"Akasemaje?"

"Kasema hana kinyongo." Seremala akavua viatu polepole, kimoja kimoja. "Afadhali angekuwa nacho."