Mama Mkubwa wa Kipipi

Dada alinituma nikaanue nepi kabla giza halijaingia. Kamba ilifungwa kutoka dirisha la jikoni hadi kwenye mti wa mkungu, na chini ya mkungu, katikati ya makapi ya matunda, kitu kilikuwa kinatetemeka.

Mtoto wa popo. Wa wale wakubwa wa kisiwani, wenye uso kama wa mbwa, wasiokula ila matunda. Kucha zake zilikuwa zinatafuta kifua cha mama ambaye hayupo.

Nimesomea wanyama chuo kikuu. Kitoto cha popo hufungwa kitambaani, kichwa chini, kikapewa chuchu bandia ya kunyonya, kisije kikafa kwa kuhangaika. Kitambaa, nepi. Chuchu nikaazima kwa Kipipi, mtoto wa dada, wa miezi miwili.

"Miaka yote ile ya chuo," dada akacheka, "kumbe unasomea kuokota popo! Hiyo chuchu uichemshe kabla hujamrudishia mwanangu. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Akaingia kuoga. Kipipi akaanza kulia, kilio cha kukauka sauti. Nikaichomoa chuchu kinywani mwa popo, nikaisuuza bombani, basi. Nikampa.

Wote wawili wakanyamaza. Kwa pamoja.

Ndipo harufu ikaingia jikoni... tunda lililoiva likapitiliza.

Dirishani kulikuwa na uso wa mwanamke. Kidevu kilikuwa juu. Macho yalikuwa chini, nywele zikining'inia.

"Hodi, mwanangu," akanong'ona. "Nimemfuata mtoto."

Nikasukuma dirisha, nikamtoa yule popo na nepi yake. Vidole virefu vikampokea. Akamnusa mdomo.

"Amenyonya nini?"

"Chuchu ya... ya mtoto wetu."

"Na mtoto wenu?"

Chumbani Kipipi alikuwa ananyonya, akisikika mpaka pale.

"Basi ni ndugu wa kunyonya." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Sasa nina wawili wa kulisha."

"Chukua wako uende. Huyu ana mama yake."

"Anaye, nani amekataa? Kwani mama mkubwa hana haki?"

Fwaaa... Mkungu ukayumba. Dirisha likabaki tupu.

"Unaongea na nani?" dada akauliza kutoka bafuni.

"Na popo."

Akacheka mpaka akapaliwa.

Asubuhi midomo ya Kipipi ilikuwa na nyama ya tunda, njano, yenye nyuzi.

"Mtoto wa miezi miwili unamlisha matunda?" Dada hakuwa anacheka tena. "Una wazimu?"

Nikaapa si mimi. Akaniangalia kama mtu asiyenijua. Jioni ile nikafunga madirisha yote kwa waya, nikaukaza kwa koleo.

Kipipi akakataa ziwa. Akakataa usiku, akakataa mchana wake. Maziwa ya kijiko aliyatema. Nesi wa zahanati alimtazama kinywa na koo, akasema haoni kitu, tuendelee kumjaribu. Lakini mimi niliuona utosi. Ulikuwa umebonyea kama kibakuli. Najua maana yake. Maji yanakwisha mwilini.

Jana magharibi dada alipitiwa na usingizi ameketi, ziwa likiwa nje, machozi hayajakauka. Nikachukua koleo. Nikakata waya wa dirisha la chumbani, nikalifungua wazi, nikaenda kukaa jikoni. Nikageukia ukuta. Harufu ilipoingia niliziba pua, si masikio, kwa hiyo nilisikia mtu akimbembeleza mtoto kwa sauti nyororo kuliko ya dada.

Leo nimewahi kuamka, nikamfuta Kipipi midomo.

"Njoo uone!" dada akaita, analia na kucheka. "Utosi umejaa! Mwanangu amepona!"

Nikaenda. Kipipi alikuwa amelala fofofo, mashavu yamenawiri. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimejikunja, vimeng'ang'ania ufito wa kitanda.

Dada alijaribu kuvibandua, kimoja kimoja. Akashindwa.