Jina Alilotaja Uwamariya

Kila asubuhi Symphorien, mchungaji wa ng'ombe huko Masisi, alipita na kibuyu cha maziwa kwa jirani zake, Damascène na mkewe Uwamariya. Maharage yao yalikuwa yamestawi. Uwamariya alipalilia polepole huku akiimba, maana alikuwa na mimba yake ya kwanza, na ilikuwa kubwa.

Uchungu ulimshika alfajiri moja. Nyiraneza, mama mkwe wake, akachemsha majani ya kumnywesha. Jua likazama, likachomoza tena. Mtoto hakutoka.

Basi Nyiraneza akafanya kama alivyofanyiwa yeye zamani. Alifunga mlango, akainama.

"Mutoto anafungwa na zambi ya mama yake. Ulienda na nani?"

"Hakuna muntu, Mama."

"Mficha uchi hazai. Taja jina, atatoka."

Uwamariya aliumwa mpaka akatamani wamwache tu. Mwishowe akataja mwanamume wa kwanza aliyemjia kichwani. "Symphorien."

Ulikuwa uongo. Mtoto hakutoka. Ila aibu ilitoka, ikamfikia Damascène uani.

Jirani yao Emérita, anayefundisha watu mambo ya afya, akaja akausukuma mlango.

"Mungali munamuuliza? Mutoto amekwama. Zambi haifungake njia. Akikawia hapa, mutoto atakosa hewa. Tumbo ya uzazi inaweza kupasuka, mama afe. Ao atapona, lakini mikojo itamuvuja kila siku. Mulete tipoyi."

Tipoyi ni machela, hubebwa na wanaume wanne. Walipatikana watatu, pamoja na Damascène. Wa nne akaja mbio kutoka malishoni. Alikuwa Symphorien, naye alikwisha kusikia kwamba ametajwa.

"Weye hapana," Damascène akasema.

"Papa Damascène, utanichukia kesho. Leo tumubebe."

Damascène aliona aibu mbele ya watu. Lakini aliuona pia uso wa mkewe. Akashika mti wa nyuma, Symphorien akashika wa mbele. Njia nzima Uwamariya alijifunika uso kwa kitenge, asimwone mtu aliyemsingizia akitokwa jasho kwa ajili yake.

Kituo cha afya kikaita gari. Hospitalini wakampasua. Mtoto wa kike alitoka kimya, wakamsaidia kupumua, akalia.

"Mutoto alikuwa mukubwa kuliko njia," mkunga akawaambia. "Njo hiyo tu. Na musimunyweshe mama majani, inaweza kumuumiza. Uchungu ikianza, mukuje mara moja. Na huyu, mimba ingine azalie ku opitali, asijaribu nyumbani."

Uwamariya akalia. "Nilidanganya. Nilitaka tu waniache."

Damascène hakujua atazame wapi. Alimwomba mkewe msamaha, kisha akaenda kumwomba Symphorien. Maziwa yalizidi kuletwa, lakini kwa miezi mingi Uwamariya alipokea kibuyu akitazama chini. Nyiraneza naye aliacha kuteka maji pamoja na wenzake. Alikwenda peke yake.

Mwaka uliofuata Benita, binti wa jirani, akashikwa na uchungu. Nyiraneza alipita, akasikia mwanamke mmoja akiuliza ndani, "Ulienda na nani?"

Akaingia.

"Munataka jina? Mutaje yangu. Miye njo nilifunga mulango. Karibu niue muke ya mutoto wangu na mujukuu wangu."

Akatoka uani kuita wabebaji, na jina la kwanza aliloita lilikuwa la Symphorien. Benita alijifungua salama kituoni, jua likiwa bado juu.