Yeye mu Kifransa

Mi njo niliharibu. Ninaanza na ile kusudi mutu asikuye kunifunua kisha mbele ya batu, sawa vile bibi yangu wa ndoa anapendaka kufanya. Nilimutia mutoto ya benyewe moustache. Hakuniomba. Ilikuwa moustache kidogo, ndevu ya juu ya mudomo, ya kuchongwa muzuri, na mi nilikuwa najisifu nayo.

Niko na kabiro mu Dilala, hapa Kolwezi, pembeni ya soko. Kuko mashine ya fotokopi, kuko ordinatere, ni kusema kompyuta, kuko diploma yangu ku kibambazi, na inje kuko kibao: tunapiga mashine, tunageuza Kiswahili mu Kifransa, mashauri ni ya bure. Byenye niliona na macho yangu nitabisema. Byenye sikuona, banadada babili ya hii habari benyewe balinielezea, kila moya na upande yake.

Balikutania kwangu. Ile siku mvula ilianguka sawa mutu anamwanga beseni, soko yote ikakimbilia chini ya bati yangu, bamama na tomate yao, bashofa ya taxi-moto na kasike ku kichwa. Jémima alikuwa amekwisha kuikala ndani. Ni mwalimu wa primeri, mwenye nguo ya bleu yenye kupigwa pasi mpaka inaweza kukata mukate, na kola nyeupe. Ku magoti alikamata karatasi ya hadisi yake. Mbuyu aliingia wa mwisho: kombinezo ya kazi, mabuti, kitambaa ya manjano ku kichwa, maji inatiririka kila fasi. Ikaanza kutonya ku karatasi.

"Dada, uko unanyeshea hadisi yangu," Jémima akasema.

"Haiko mi. Ni mvula."

"Mvula iko inje. Ndani ni weye."

Mbuyu akatoa kitambaa ku kichwa, akaikala chini, akaanza kupanguza karatasi moya moya. Alikuwa anapanguza na kusoma, anasoma na kusahau kupanguza.

"Hii ni hadisi ya nini?"

"Ya mapenzi. Ya bijana."

"Kuko mutu anakufa?"

"Hakuna."

"Basi nitaisoma yote."

Mvula ilinyamaza, soko ikarudia kazi yake. Bale babili balibakia ku benchi yangu mpaka nikawauliza kama banataka fotokopi ya benyewe.

Bote balisha kupita miaka makumi mbili, kila moya na mushahara yake, lakini bado ku nyumba ya bazazi. Mbuyu alikuwa anatumika kule Tenke, mu kampi ya bafundi ya mine ya shaba, fasi ya kufua kombinezo. Anapotea mu kampi majuma mazima, kisha anapewa mapumuziko, anakuya Kolwezi na mikono yenye kunukia savon. Kila mapumuziko nilikuwa nabaona pale kwangu, bitumbua mu gazeti katikati yao. Jémima anasoma kipande ya hadisi yenye anaandika, Mbuyu anamuchokoza, eti mu hadisi batu bananong'onezana sana na habakuli kitu. Mi nilisema mu roho yangu: banadada bazuri, banapendana sawa batoto ya mama moya. Bibi yangu anasemaka niko na macho ya kunguru. Kunguru zile siku alikuwa amelala.

Mu kampi réseau ya telefone inakamatikaka nyuma ya kamba ya kuanikia nguo, tena lazima usimame ku beseni yenye kugeuzwa. Mbuyu alikuwa anasimama pale, kombinezo zinapiga upepo pembeni yake sawa batu bila kichwa, anaita.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula. Na weye, mwenye beseni?"

"Mi niko juu ya watu wote. Niambie kitu."

Na Jémima anamwambia kitu, polepole, juu kwao kibambazi ni nyepesi na mama yake anasikiaka hata mawazo.

Ile hadisi, sasa. Jémima aliniambia kisha sababu yake. Wakati alikuwa kijana, alisoma rayon yote, ni kusema kabati muzima ya bitabu ya bijana ku masomo, kimoya kisha kimoya, anatafuta binti moya sawa yeye. Hakumuona. Na mwaka moya alimuona, binti mwenye kupenda binti, furaha yake haikumaliza hata chapitre: balimuwekea mikono, balimuombea, kisha kamio ya mizigo ikamukanyaga. Jémima alifunga kitabu. Akasema siku moya ataandika yake, na haitakuwa na kamio.

Akaiandika mu Kiswahili. Binti wa hadisi anapenda mutu anaitwa Mbuyu, na Mbuyu ni jina ya mapasa, batoto bale banazaliwa babili: mapasa mwanaume anaibeba, mapasa mwanamuke anaibeba. Fasi yote ingine aliandika tu yeye. Yeye alikuya, yeye aliceka, alinikamata mukono. Kiswahili haiulizake mutu iko nini chini ya nguo. Mwenye kuyua atasoma byenye anayua, mwenye hayui atapita muzuri, salama yake. Ilikuwa nyumba yenye milango mbili.

Mi njo nilifunga moya.

Kuko mama moya wa Lubumbashi, Madame Domitille, anatokeshaka bitabu kidogo ya bijana ya lycée, masomo ya sekondari. Alisoma hadisi, aliipenda, akaomba Kifransa. Jémima alikuwa mu mitihani ya batoto yake, usingizi hana, akanipa karatasi: "Geuza tu, Tata Kalonji, usiongeze." Nikamwambia alale, eko na mutu ya diploma. Nikageuza. Pale kwenye yeye alikuya, nikaandika il, yeye ya mwanaume. Kila fasi, il. Kisha nikaona ule muchumba eko mukavu, hana sura. Nikamupa mabega mapana. Nikamupa moustache. Nikatuma Lubumbashi bila kumuonyesha mwenyewe, juu nilitaka kumushangaza.

Madame Domitille akaitokesha, na kitabu ilifika ku kampi mbele ya kufika Kolwezi. Joyeuse, mwenzake Mbuyu wa ku kufua, aliileta kutoka likizo na akaanza kusomea bengine kwa sauti wakati mashine inazunguka. Banadada bakapenda ule Mbuyu wa mu kitabu. Joyeuse akasema mwanaume sawa ule angemupikia bukari hata bila mboga. Bengine bakamugeukia Mbuyu bakamuchokoza: hii si jina yako, dada? Utupatie ndugu yako. Mbuyu akaomba kitabu, aisome mwenyewe.

Alipanda ku beseni, akaita Jémima.

"Niko na moustache?"

"Nini, cheri?"

"Nakuuliza. Niko na moustache na mabega sawa mulango?"

Jémima alikuwa hayaona kitabu. Alifikiri ni michezo yao ya kila siku. Akaceka. Aliceka muzuri, yenye kutoka mu tumbo, sawa mutu mwenye amekosa sauti ya mupenzi wake juma muzima. Kule, Mbuyu alisikiliza ile kiceko mpaka mwisho. Kisha akakata.

Jémima akaita tena. Ikalia, ikalia. Kesho yake ikalia. Mbele, kule ku masomo, alikuwa anaceka na benzake. Sasa anakula mukate yake mwenyewe nyuma ya kilasi, telefone ku goti, anaigeuza sawa mutu anaangalia kama nyama imeiva. Ku nyumba mama yake alimuuliza ni kijana gani anamuliza. Hata kulia alikuwa analia mu Kifransa ya mutu mwingine.

Kitabu ikamufikia. Akakuya kwangu, hakusalimia, akaiweka juu ya mashine ya fotokopi.

"Tata Kalonji, nani alikuambia Mbuyu ni mwanaume?"

Mi nikaceka. Nikamwambia: "Mwalimu, binti eko anapenda. Mwenye anamupenda atakuwa nani sasa, nyanya yake?"

Aliangalia benchi. Nami nikaiangalia. Benchi ilikuwa wazi, na ile uwazi njo ilinisomesha. Nikaona bitumbua. Nikaona kitambaa ya manjano inapanguza karatasi.

"Ni huyu Mbuyu wetu?"

"Kuko mwingine?"

Mi niko Mukatoliki, ninaimbaka mu koral, niko na ndoa ya kanisa na vita yake yote. Nilinyamaza, na kama bibi yangu angepita angeita munganga. Jémima alinielezea yote akiwa amesimama, bila kupandisha sauti. Alisema hakulia juu ya kitabu kuharibika. Alilia juu Mbuyu anafikiri ye njo alinituma.

"Ninaweza kurudilia," nikasema. "Lakini Kifransa haina yeye. Ni il ya mwanaume ao elle ya mwanamuke. Nikiandika elle, ule mulango mwingine hautakuwa tena. Na jina yako iko ku kifuniko, mwalimu. Bakubwa ya masomo kwenye unafundisha batasoma."

"Nayua. Andika elle."

Nikaandika. Mu Kifransa mwanamuke anawekewa herufi e ku mwisho: fatigué, mwenye kuchoka, anakuwa fatiguée. Ukiisoma kwa sauti, ile e haisikilike, macho peke yake njo inaiona. Nilipita mustari kwa mustari, naweka e. Moustache niliifuta ya kwanza. Mabega niliiacha, juu Mbuyu wa kweli eko nayo. Madame Domitille akatuma neno: ataipiga upya vile, akisikia tu Jémima amekubali.

Jémima akavaa nguo yake ya bleu, akakamata taxi ya Tenke. Nguo ilifika ikiwa nyekundu ya vumbi. Alisimama mbele ya kampi, karibu ya rélé ya treni, mu jua kali, pembeni ya mama muuza mahindi ya kuchoma, mpaka Joyeuse akapita, akamuona, akaenda kumwambia Mbuyu kuko mwalimu anaungua huko inje.

Mbuyu alikuya polepole, kitambaa ya manjano ku mabega.

"Umefuata nini huku, madamu?"

"Telefone yako ilichoka."

"Telefone haikuchoka. Mi njo nilichoka."

"Fatiguée," Jémima akasema. "Na e ku mwisho." Akamupa karatasi.

Mbuyu akaegemea ku ukuta ya kampi, akasoma. Alikuwa anapitisha kidole, anatafuta moustache sawa mutu anatafuta nyoka mu kitanda. Hakuiona. Akarudia mwanzo. Jémima akamwambia juu yangu, nami sikutoka muzuri mu ile habari.

"Nilifikiri unaniona haya," Mbuyu akasema.

"Kitabu yenyewe nilikuwa bado siyaiona."

"Uliceka, Jémima. Mi niko ku beseni nalia, weye uko unaceka."

"Niliceka juu ulikuwa umeniita."

Mbuyu akatoa kitambaa, akamupanguza vumbi ku kola, polepole, upande moya na upande mwingine. Mama wa mahindi alikuwa anaangalia, na bafundi balikuwa banapita, basi bale babili balikomea pale, kwenye kola.

"Niliomba kampi ingine," Mbuyu akasema. "Ile siku ya hasira. Bakakubali. Ni mbali, kupita Likasi. Busi inatuchukua leo."

"Waambie hapana."

"Bale banadada balisoma il, bananipenda. Bakisoma elle, na jina ni yangu?"

"Nitabadilisha jina. Ao nitaiacha kabisa, itakufa mu ordinatere ya Tata Kalonji."

"Ukiiacha, mi ninarudilia kuwa mwanaume." Akakunja karatasi, akamurudishia. "Itoe. Na jina yangu ndani, usiiguse. Kuko binti mu lycée fulani eko anamaliza rayon. Lakini mi nikuwe mbali kwanza. Sina roho sawa yako."

"Utaita?"

"Nikiona fasi ya kusimama."

Busi ikafika, ya kampuni, madirisha ya vumbi. Joyeuse akamupakilia sanduku, akamuaga; bengine ya kuhama bakapanda na masanduku. Mbuyu akapanda wa mwisho, akaikala karibu ya dirisha, uso mbele. Mutoro ikanguruma. Jémima akatembea pembeni ya busi, mukono ku bati yenye moto, karatasi yenye kuandikwa elle ku mukono mwingine.

"Shuka, Mbuyu," akasema. "Leo tu. Kwetu nitaambia batu we ni dada yangu tu."