Paka Aliyekauka Nyumbani kwa Mzee wa Vifuniko

Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, kila mtu alimjua mzee Térence kwa vifuniko. Ukiacha ndoo wazi uani na Térence akapita, ndoo itafunikwa. Akikosa kifuniko, atatumia sahani. Akikosa sahani, atavua kofia yake.

Hakuzaliwa hivyo. Ni kipindupindu kilichomfundisha. Ilikuwa miaka ya vita. Watu waliokimbia milima walijazana mtaani, na bomba likikauka, wengi walichota maji mtoni. Ugonjwa ukaingia. Ulipotulia, wakubwa wa mtaa walichagua watu wa kupita nyumba kwa nyumba na kufundisha: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yafunikwe, na madimbwi yafukiwe. Térence alikuwa amestaafu kazi ya ghala kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, na kukaa bure kulikuwa kunamla. Alipochaguliwa, aliishika kazi ile kwa mikono miwili.

Nyumbani kwake ndiko kulikuwa mfano. Bidoni, yale madumu ya maji, zilifungwa. Mtungi ulifunikwa. Mabeseni ya kufulia yalilazwa kifudifudi juani. Tone likidondoka kwenye saruji, Térence alilifuta na kitambaa. Mke wake, Daphrose, alizoea kumtania.

"Baba Régis," alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "siku nitalia, utanifunika na macho?"

Daphrose aliuza ndagala kavu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Magunia yake yalikaa chumba cha nyuma, na mlinzi wake alikuwa paka dume wa kijivu mwenye kichwa kikubwa. Walimwita Komanda, kwa sababu alitembea mbele ya magunia kama askari kwenye kizuizi cha barabara: hakuna anayepita bila kuulizwa. Mshahara wake ulikuwa ndagala zilizovunjika, zile za chini ya gunia, kavu hivyo hivyo na chumvi yake. Alikula, akajilamba, akaingia kazini.

Jambo moja Térence hakulisema mbele za watu. Alipotoka kwenye mizunguko yake, na siku nyingine milio ya bunduki ilikuwa inashuka kutoka milimani, Komanda alikuwa wa kwanza kumpokea mlangoni. Mzee aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akamkuna sikio.

Kiangazi kikaingia. Vumbi likapanda mpaka kwenye mapaa. Komanda akaanza kulala mchana kutwa. Manyoya yake yakasimama ovyo. Choo chake kikawa kigumu kama kokoto. Akiitwa, aligeuza kichwa tu.

Panya walikuwa wa kwanza kuelewa. Asubuhi moja Daphrose alikuta gunia limetobolewa ubavuni na ndagala zimetapakaa chini. Alikaa juu ya kigoda na kulitazama tundu lile. Gunia lile ndilo lililokuwa linalisha nyumba. Térence alisimama mlangoni, na macho yake hayakuwa kwenye gunia. Alikuwa anamtazama paka.

Shaabani kinyozi, jirani wa upande wa pili wa ua, alikuja kutoa ushauri bila kuombwa. Alisema paka amezeeka, na dawa ya uzee ni maziwa. Daphrose aliuliza kama si kiu, kwa sababu jua lilikuwa kali. Shaabani akacheka.

"Kiu? Paka na maji ni maadui, Mama Régis. Ulishaona paka inaenda kuoga kwa ziwa?"

Hoja ile ilionekana nzito. Maziwa yakatafutwa. Komanda aliyalamba kwa pupa, na wote wakafurahi. Kabla ya jioni tumbo lilikuwa linamharisha. Kesho yake hakuweza hata kupanda juu ya gunia.

Daphrose alimpakata, akachukua kijiko cha maji, akamwambia mume wake afungue mdomo wa paka kwa nguvu wamimine. Ndipo Adélaïde alipobisha. Mama huyu alikuwa mganga wa wanyama. Alitibu ng'ombe na mbuzi wa Kanyosha, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya ile ya Shaabani. Alikuwa amesikia kelele za mke, mume na paka pamoja, akaona aje.

"Apana, mama, weka hicho kijiko," alisema. "Ukimimina kwa nguvu, maji inaweza kuingia kwa mapafu."

Alichuchumaa, akamshika Komanda taratibu. Alifinya ngozi ya shingoni kwa vidole viwili, akaivuta juu kidogo, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama hema, ikashuka polepole. Kisha aliinua mdomo wa paka akagusa ufizi. Ulinata kidoleni. Akawaeleza kwamba ngozi ya paka mzima hurudi mara moja, na ufizi wake huwa na utelezi. Huyu alikuwa amekauka. Hakukosa maji siku moja tu. Amekosa muda mrefu, na maziwa yakamalizia kazi, kwa sababu matumbo ya paka wengi wakubwa hayayawezi maziwa.

"Sasa niambieni," alisema, "Komanda anakunywa wapi?"

Daphrose alimtazama mume wake. Térence alitazama ua. Bidoni zimefungwa. Mtungi umefunikwa. Mabeseni yamelala kifudifudi. Chini ya bomba pamefutwa. Ua mzima ulikuwa mkavu kama kiganja.

"Paka anajitafutia," alisema Térence. "Tangu lini mutu anawekea paka maji?"

Adélaïde alikubali kwamba zamani ilikuwa hivyo. Paka alikunywa kwenye beseni la kufulia, kwenye dimbwi la bombani, kwenye mfereji wa jirani. Hakuna aliyemwona, kwa hiyo watu wakadhani hanywi.

"Hizo zote umefunika, muzee. Na umefanya vizuri, watoto wa hapa wako wazima. Lakini Komanda hajui kufungua bidoni."

Daphrose alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Térence hakucheka. Alikaa chini na kushika magoti. Mtaa mzima alikuwa ameufundisha usafi wa maji, na kiumbe cha nyumbani kwake mwenyewe kilikuwa kinakufa kiu.

Hata hivyo hakukubali haraka. Aliuliza watu watasema nini wakikuta chombo cha maji kiko wazi kwake yeye. Aliuliza mbu watafanya nini, na nzi. Adélaïde alimjibu bila haraka. Maji ya watu yabaki yamefunikwa kama kawaida. Paka apewe bakuli lake, lisiloshikwa kwa kazi nyingine. Amiminiwe kidogo yaliyo safi, na kila siku yamwagwe, bakuli lioshwe, yawekwe mapya. Maji yanayobadilishwa kila siku hayalei mbu.

"Kufunika na kunywesha havigombani," alisema.

Kisha alifungua mfuko wake, akamdunga Komanda maji ya dawa chini ya ngozi, kwa sababu aliyekauka vile hawezi kungoja bakuli peke yake. Térence alimshika paka.

Daphrose alileta bakuli pana la udongo. Térence alimimina maji kutoka bidoni, akaliweka jirani na sahani ya ndagala. Komanda alisogea, akanusa, akakunja pua na kuondoka.

"Mumeona sasa," ilisema sauti ya Shaabani kutoka upande wa pili wa ua. "Maadui."

Adélaïde alinusa yeye mwenyewe. Akauliza mzee anatia dawa ya maji kiasi gani kwenye bidoni. Térence alijibu kwamba anatia kipimo walichofundishwa, halafu anaongeza kidogo kwa usalama. Mke wake akasema kidogo hicho ndicho kinachofanya chai inuke kama hospitali. Adélaïde alimwambia kipimo ni kipimo, kwa watu na kwa paka. Harufu kali humfukuza paka, na yenyewe haiongezi usalama.

Wakatumia maji yaliyochemshwa na kupoa. Bakuli wakalihamishia kwenye kivuli, mbali na chakula na mbali na mchanga anamojisaidia, kwa sababu paka wengi hawapendi kunywa mahali wanapokula wala wanapojisaidia. Na chakula nacho kikabadilika. Ndagala zikaoshwa chumvi, zikachemshwa mpaka zikalainika, akapewa pamoja na mchuzi wake. Bila chumvi, bila kitunguu, bila pilipili.

"Paka ni muvivu wa kunywa," alisema Adélaïde. "Mupe maji ndani ya chakula, atakunywa bila kujua."

Komanda alilamba mchuzi. Polepole, lakini alilamba.

Kabla ya kuondoka, Adélaïde alimwita Térence pembeni. Alimwambia autazame ule mchanga. Paka dume akichuchumaa, akajikaza na mkojo usitoke, asingojewe hata saa moja. Aletwe mara moja. Njia ikiziba, paka anakufa.

Asubuhi iliyofuata Térence hakwenda kwenye mizunguko. Alikaa kwenye kigoda kuukabili mchanga, kama mtu anayengoja tangazo redioni. Daphrose alimletea chai, akaisahau. Jua lilipanda. Komanda alitoka chumbani, akanyoosha mgongo, akaenda kwenye bakuli la kivulini. Akanywa. Ulimi wake ulipiga maji: lap, lap, lap. Térence alikuwa amefuga paka huyu miaka yote na hajawahi kusikia sauti ile.

Paka akaenda mchangani. Akachimba. Akachuchumaa. Mzee akainuka nusu kwenye kigoda, akabaki hivyo hivyo, pumzi kaibana. Komanda alitazama mbali, kama wakubwa wanavyofanya wakiwa na shughuli. Muda ukapita. Kisha mchanga ukaanza kulowa, na ukaendelea kulowa, duara pana kama sahani.

"Mama Régis," aliita Térence. "Kuja uone."

Daphrose alikuja mbio, mikono imejaa unga. Walisimama wawili wale, bega kwa bega, wakatazama mchanga uliolowa kama watu wanaotazama picha ya mtoto wao aliyehitimu. Shaabani alichungulia na wembe mkononi, na mteja wake, kichwa nusu kimenyolewa, akachungulia nyuma yake. Waliuliza kuna nini.

"Paka amekojoa," alisema Térence.

"Basi mupige ngoma," alisema Shaabani. Daphrose akawa wa kwanza kucheka, na mara hii mume wake alicheka mpaka akashika ukuta.

Komanda alirudi kazini kabla wiki haijaisha. Manyoya yalilala, macho yaling'aa, na Daphrose akashona tundu la gunia bila kuogopa tundu jingine. Shaabani alileta paka wa nyumba yake kwa siri, ndani ya kikapu, akaomba afinywe ngozi ya shingo. Térence alifinya, ngozi ikarudi mara moja, na kinyozi akaenda zake anapiga mluzi.

Mizunguko ya mzee ikaendelea, ila somo lilirefuka. Bado alifunika ndoo za watu. Lakini akikuta paka uani, aliuliza bakuli lake liko wapi, na hakuondoka mpaka limewekwa. Wapo walionung'unika kwamba vita na kazi zote zile zinatosha, wasiongezewe kazi ya paka.

"We chota kidogo, mimina, kwenda zako," aliwajibu. "Kazi ya kunywa atafanya yeye mwenyewe."